Moshi wa Nyumba ya Mawe

Mama mkwe wangu amekufa kwa uzee. Tulimzika mwezi uliopita, na kila aliyekuja kutupa pole alilisema jambo hilo kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo: amekufa kwa uzee, kitandani kwake, mchana kweupe, baada ya kunywa nusu kikombe cha maziwa mgando na kumlalamikia mjukuu wake kwamba ameyatia sukari nyingi. Mgeni angesikia maneno ya kawaida ya msibani. Sisi wa huku, hasa wanawake tuliokwisha kuwa na wajukuu, tulisikia zaidi ya hayo. Tunaukumbuka wakati ambapo mjane mwenye macho mekundu hakuwa na hakika ya kufa kwa uzee. Watu wa matanga walipoanza kupungua, nilikaa barazani na mke wa mwanangu wa mwisho tukichambua kunde. Akaniuliza, "Mama, ni kweli mliishi huku mwaka mzima wewe na bibi peke yenu, baba akiwa chuoni? Hukuogopa?" Nikaweka ungo chini. Nilianza kumjibu kwa mzaha, na jua lilipokuwa linaingia bado nilikuwa nasimulia.

Niliingia katika nyumba ile nikiwa bibi harusi wa majuma machache. Mume wangu Mabula alikuwa anarudi chuo cha ualimu Tabora, na ilikubaliwa nimsubiri kwa mama yake, karibu na Zagayu, ambayo wakati ule ilikuwa bado wilaya ya Bariadi, na Bariadi yenyewe ilikuwa mkoa wa Shinyanga. Mimi ni mtu wa Mwamanyili. Nilizoea mashamba ya mpunga yaliyo wazi na upepo wa ziwa, mtu unamwona akija kutoka mbali. Pale nikakuta nyumba huioni mpaka uifikie. Ilijengwa kabla ya uhuru na mzungu aliyekuja na mambo ya pamba. Jina lake watu walikuwa wameshalisahau. Mawe yake yalitolewa kwenye mlima uliopo nyuma, na kuta zilikuwa nene kiasi kwamba niliweza kukunja miguu nikakaa ndani ya dirisha kama kwenye kiti. Bati lilipakwa rangi nyekundu zamani, likabaki rangi ya kutu. Baraza ilizunguka pande tatu. Ndani, sakafu ya saruji nyekundu iling'aa kwa kusuguliwa nta, na mtu akiingia kutoka juani alihisi ubaridi unampanda kutoka nyayoni. Sijapata kuishi katika nyumba nzuri kama ile, na leo naweza kusema hivyo bila shida. Wakati ule niliiona kama boma la serikali, mahali pa kuongea kwa sauti ya chini.

Kilichonishangaza zaidi ni wapangaji wake. Mama mkwe, ambaye watu wote walimwita Mayu Nyanzobe, yaani Mama Nyanzobe, hakumfukuza mnyama wala ndege. Mbayuwayu walijenga chini ya dari la baraza, naye badala ya kuangusha viota alitandika gunia chini yake ili kinyesi kisichafue sakafu. Pimbi walishuka asubuhi kutoka kwenye mawe kuota jua ukutani. Tangi la maji ya mvua lilikuwa na bomba linalovuja, na chini yake aliweka karai la zamani. Jioni digidigi walikuja kunywa, dume na jike, masikio yakicheza, na kanga walikuja kwa kundi wakigombana. Zaidi ya ukuta wa minyaa ilianza ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili majani yaje yaliwe kiangazi. Ngitili ya pale ilikuwa kubwa na nzito, migunga na mikwaju imeshikana, kwa sababu baba mkwe alipokuwa hai hakuruhusu shoka liingie, na alipokufa mkewe hakubadilisha neno. Juu ya mlima, kwenye mapango, kulikuwa na fisi. Nilipowasikia mara ya kwanza nikakimbilia jikoni. Mama mkwe alikuwa anakoroga ugali, hakugeuka. "Walikuwepo kabla yangu," alisema. "Funga tu zizi vizuri."

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniita Ng'wana Shija, mtoto wa Shija, kwa jina la baba yangu, kama wake wanavyoitwa huku, na alipokuwa na la kunituma alilisema mara moja tu. Chumba alichonipa kilikuwa cha nyuma kabisa, kidogo, chenye mlango mzito na dirisha moja la vyuma lililotazama mwamba. Vyumba vya mbele vilikuwa viwili, vipana, vyenye madirisha ya kuangalia mashamba ya pamba. Kimoja alilala yeye, kingine kilikuwa kitupu. Nilipita mlangoni pa kile kitupu kila siku na fagio langu, nikijiambia kwamba hanihesabu kuwa mtu wa nyumba hii. Tulikula pamoja jikoni. Asubuhi michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, ameipika na karanga zilizotwangwa. Mchana na jioni ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, au mlenda na maziwa mgando. Chakula kilikuwa kitamu. Nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa kwa adabu, naye alikula akiwa ameinamisha kichwa kwa sababu ya macho.

Hayo macho lazima niyaeleze. Jiko la nyumba ile lilikuwa ndani, la mawe, lenye dohani iliyopanda hadi juu ya bati kutoa moshi. Lakini dohani ilikuwa na nyuki. Waliingia mwaka aliofariki baba mkwe. Mama alinieleza siku moja tukimenya viazi, na nadhani ndiyo hadithi ndefu kuliko zote alizonipa mwaka ule. Alisema baada ya mazishi watu waliondoka, watoto wakarudi kwenye shughuli zao, nyumba ikawa kimya mpaka akawa anasikia mchwa kwenye mbao. Kisha siku moja akasikia mngurumo ndani ya ukuta wa jiko. "Nikaweka sikio," alisema. "Nikasema, haya, karibuni." Akachukua kipande cha bati akaziba dohani kwa chini ili moshi usiwasumbue. Tangu siku hiyo moshi wote ulibaki jikoni na kutoka kwa mlango. Kujenga jiko la nje alikataa. Alisema mumewe aliipenda nyumba hii kwa ajili ya lile jiko. Miaka ikapita hivyo. Kope zake zikawa zimevimba, machozi hayakatiki, na weupe wa macho ulikuwa mwekundu kama udongo wa njiani. Mwangani hakuweza kuinua uso. Alitembea akitazama vidole vya miguu yake.

Kiangazi kilipokaza, fisi wakashuka. Mbuzi wakachukuliwa huku na kule. Halafu homa ikaingia vijijini, na mtoto wa kike wa jirani yetu Limbu akafariki. Limbu alikuwa mrina asali, mtu mpole, mji wake uko ng'ambo ya korongo. Tulikwenda msibani, na niliona kwamba tulipokaa, wanawake waliokuwa karibu nasi walisogea. Nilidhani wanatupa nafasi. Majuma kadhaa baadaye nilikuwa Zagayu kwenye mashine ya kusaga, nimejitwisha mtama wangu, na mashine ilikuwa imezimwa ipoe. Katika ukimya ule nikasikia mwanamke upande wa pili wa ukuta wa bati akisema, "Mganga hakutaja jina la aliyemroga yule mtoto. Amesema tu anakaa katikati ya fisi, na macho yake ni moto." Mwingine akajibu, "Hilo ni jina. Unataka akutajie na la baba yake?" Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wenye hofu. Holo, binti wa mwenye mashine, ambaye ndiye rafiki pekee niliyekuwa naye kule, alinishika mkono akanivuta nyuma ya ghala. "Shoga, nenda kwenu," akasema. "Sema mama yako anaumwa. Nenda ukae hata miezi miwili. Wakija hawachagui." Sikumuuliza nani watakuja. Mwaka uliotangulia, upande wa Dutwa, watu walikwenda na mapanga kwa bibi mmoja aliyeitwa mchawi, na mjukuu aliyekuwa amelala naye hakupona.

Nilirudi nikitembea haraka, unga kichwani, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuagia. Nilipofika nilikuwa natetemeka mwili mzima. Nikasema nina malaria, nikaenda kujilaza. Mchana ule shemeji yangu Sayi, mdogo wake Mabula, alikuja kumtembelea mama yake. Walikaa barazani. Mlango wangu ulikuwa wazi kidogo na nyumba ya mawe inabeba sauti. Nikamsikia Sayi akisema, "Mama, njoo ukae kwangu. Au tuikate hii ngitili, tuwafukuze fisi, watu waone." Mama akasema, "Nikikimbia nitakuwa nimekubali. Na nikikata, watasema nimeficha." Sayi akauliza, "Na mke wa kaka? Hata yeye humwonei huruma?" Nakumbuka jibu lile kila neno, hata leo. "Kwa nini unafikiri nimemweka chumba cha nyuma? Mlango wake ni wa mbao ya mninga na dirisha lina chuma. Wakija wataingia kwa mbele, watanikuta mimi kwanza. Atapata nafasi ya kujifungia. Nimekuwa nikilisikia jambo hili tangu kabla ya arusi. Nilitaka kuwaambia msimlete, lakini Mabula alikuwa na furaha."

Nililala pale nikitazama mwamba dirishani. Miezi yote ile nilikuwa nimekifagia chumba kitupu cha mbele na kuhuzunika, na kumbe kile chumba kilikuwa kitupu kwa sababu yangu. Maneno niliyoyapanga njiani yaliniishia. Nikainuka, nikatoka barazani, nikapiga magoti nikamwamkia shemeji, kisha nikamwambia mama mkwe, "Mama, nimesikia. Siendi popote. Lakini na wewe usikae hivi unasubiri." Sayi alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. Nikaendelea kwa sababu nilijua nikisimama sitaweza tena: "Wanaosema hawajawahi kuingia humu ndani. Tuwaite waingie."

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Maduhu, mtemi wa sungusungu wa kijiji chetu, yule kiongozi wa walinzi. Bibi harusi hatembei peke yake kwenda mji wa mwanamume asiye ndugu, na nilipofika wake zake walinitazama toka kichwa hadi miguu. "Mwangaluka, baba," nikasema, nimepiga goti mlangoni. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Aliitikia bila kuinua macho. Nikamwambia: "Mama yangu anakukaribisha ugali. Uje na watu wako, na baba yake marehemu mtoto aje. Muikague nyumba yote, chumba kwa chumba, zizi na ghala na mlima kama mnataka. Mkikuta kitu, mimi nitakuwa shahidi wenu." Akaacha kuchonga. "Amekutuma yeye?" Nikasema ndiyo. Haikuwa kweli hata kidogo. Mama alikuwa hajui nilikokwenda. Mzee alipuliza vumbi la mbao kutoka kwenye mpini. "Tutakuja mchana," akasema mwishowe. "Mchana, watu wote waone. Rudi nyumbani, mayu."

Jioni ile nilimweleza mama nilichosema kwa jina lake, naye akaenda kupima unga. Walikuja baada ya siku chache, wanaume wengi kuliko nilivyotarajia, na pinde zao na filimbi shingoni, na baadhi na mapanga. Limbu alikuwa nyuma yao, amekonda. Nyuma yake tena watu wa kijiji, wanawake na watoto, wakasimama nje ya minyaa. Mama mkwe alikuwa jikoni amekwisha kuwasha moto, chungu cha maji kinachemka. Aliwasalimu akiwa mlangoni na kusema, "Nyumba ni hiyo. Ng'wana Shija atawapitisha." Nikawapitisha. Nilifungua kila mlango, kila sanduku. Walipiga sakafu kwa fimbo kusikia kama kuna shimo. Waliinua godoro lake. Kijana mmoja alipoona viota vya mbayuwayu akauliza hivi ni vya nini, nikamwambia ni vya mbayuwayu. Walikwenda hadi ghalani, walikwenda zizini. Mwisho wakafika jikoni, na Mzee Maduhu akasema, "Mama, toka tukuulize." Alikuwa ameshamimina unga. "Baba, ulizeni, nasikia," akasema, "lakini ugali nikiuacha sasa utashika mabonge, na nyinyi ni wageni wangu. Ingieni."

Basi wakaingia. Waliingia wote walioweza kuenea, wamesimama wamebanana kati ya ukuta na jiko, na kuni zilikuwa mbichi. Sijui mpaka leo kama alizichagua. Nilimuuliza mara nyingi katika miaka iliyofuata naye alikuwa ananiambia, "Kuni ni kuni." Mzee Maduhu alianza kuuliza: fisi unawajua tangu lini, unawapa nini, siku aliyokufa mtoto ulikuwa wapi. Mama akajibu kila swali taratibu, akisonga, mgongo umeinama. Swali la tatu au la nne mzee akaanza kukohoa. Mtu akapangusa uso kwa mkono wa shati. Mwingine akasema samahani akatoka. Mzee alivumilia, maana ni kiongozi, lakini machozi yalikuwa yanamtiririka hadi ndevuni, na mwishowe akasema, "Mama, moshi huu!" akatoka akipapasa ukuta, na wote wakamfuata.

Nje jua lilikuwa kali. Wakasimama uani, wanaume wazima na pinde zao, wakipepesa, na watu waliokuwa kwenye minyaa wakawaona. Macho yote yalikuwa mekundu. Mekundu ya damu, yamevimba, machozi yanadondoka. Kisha mke mkubwa wa Mzee Maduhu, aliyesimama na wanawake wengine, akamwita mumewe kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Baba, na wewe umeanza lini kufuga fisi?" Mtoto mmoja akacheka. Halafu wanawake wakacheka, halafu hata wale vijana wenye mapanga, wakitazamana na kunyoosheana vidole, mpaka mzee mwenyewe akakaa chini kwenye ngazi ya baraza akicheka na kujifuta uso kwa kofia yake. Mimi nikashika nguzo ya baraza.

Limbu hakucheka. Alikuwa amejitenga, amekaa karibu na tangi, na machozi yake hayakukauka kama ya wenzake. Yalianza kwa moshi yakaendelea kwa ajili ya mtoto wake. Mabega yalikuwa yanatikisika. Watu walipoona hivyo, kicheko kikafa. Mama mkwe alitoka jikoni na kata ya maji. Alipita katikati ya wanaume wale akitazama chini kama kawaida yake, akaenda akakaa ardhini mbele ya Limbu, akamwekea maji. "Alikuwa anakuja hapa kuwatazama digidigi," akamwambia. "Ulijua?" Limbu akatikisa kichwa, hakujua. "Alikuwa anakuja. Alikaa hapo hapo ulipokaa, hatoi sauti, wanakunywa maji mbele yake. Mtoto mtulivu sana." Limbu akafunika uso wake. Wakakaa hivyo, wawili, na hakuna aliyethubutu kusogea. Baadaye akanywa maji. Baadaye tena tukapakua, na watu wote wakala barazani, ugali haukuwa na bonge hata moja.

Mzee Maduhu aliitisha mkutano wa kijiji juma lile lile, akasema mbele ya watu kwamba atakayegusa nyumba ya mawe amegusa sungusungu. Hilo lilitosha kutupa usingizi. Lakini aliyeitengeneza nyumba ni Limbu. Alikuja jioni moja bila kuitwa, amebeba mzinga wa gogo begani, akasema anataka kuwahamisha nyuki. Mama alisita. Alikaa na mkono wake ukutani, pale anapousikia ule mngurumo, kisha akauliza, "Watakaa wapi?" Limbu akaonyesha mkwaju mmoja ndani ya ngitili, karibu kiasi kwamba mtu akiwa barazani anaweza kuwaona wakiingia na kutoka. Akakubali. Bati likatolewa, dohani ikasafishwa, na asubuhi yake nilipowasha moto moshi ulipanda juu wote, moja kwa moja, nikasimama katikati ya jiko nikiangalia kuta ambazo sikuwahi kuziona vizuri. Zilikuwa nyeusi kama lami. Tulizisugua siku kadhaa.

Kisha mama akakubali hospitali. Tulipanda lori la pamba hadi Bariadi, sisi wawili tumekaa juu ya mizigo, yeye amejifunika kanga usoni. Daktari wa macho, kijana mwenye haraka, akageuza kope zake akanionyesha: zilikuwa zimejikunja kwa ndani na nywele zake zinakwaruza jicho kila anapopepesa. Moshi ulizidisha tu. Akasema ni upasuaji mdogo, na ulikuwa mdogo kweli. Tulirudi nyumbani amefungwa macho, nikimwongoza kwa mkono, na kwa siku zile nilimlisha, nikamnawisha, nikalala kwenye mkeka kando ya kitanda chake, katika chumba cha mbele chenye madirisha mapana, na madirisha yote nikayaacha wazi.

Siku ya kumfungua ilikuwa asubuhi, baada ya mvua ya kwanza. Nilimkalisha barazani. Nilitoa bandeji taratibu kwa maji ya uvuguvugu kama nilivyoelekezwa. Alibaki amefumba kwa muda, amezoea kuogopa mwanga. Kisha akafumbua. Macho yalikuwa bado na wekundu kidogo pembeni, lakini hayakutoa machozi. Akatazama mashamba. Akatazama juu, kwenye viota. Mbayuwayu mmoja alipita juu ya kichwa chake, naye akamfuata kwa macho hadi mbali, shingo imenyooka. Mimi nikaanza kucheka, sijui kwa nini, nikashindwa kujizuia. Akageuka akanitazama usoni, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma.

"Kumbe una mwanya," akasema. "Mwaka mzima umenificha?"

"Sikukuficha, mama," nikamwambia. "Nilikuwa sijacheka."